ZAWADI YA MLANGONI

Kahawa inapoiva katika milima ya Umatengo, si wanunuzi peke yao wanaoikumbuka njia ya Mbinga. Mawakala wa mabenki na wa makampuni ya simu nao huja na miavuli yao ya rangi, na kila mmoja ana neno tamu: jiunge na sisi leo, upate fulana, au jina lako liingie katika bahati nasibu ya pikipiki. Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2018, serikali ilipoagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika na fedha za mkulima zipitie benki. Na kwa kuwa lami sasa imefika Mbamba Bay, mwavuli uliosimama Mbinga asubuhi waweza kusimama ufukoni mwa Ziwa Nyasa kabla ya adhuhuri.

Wako wananchi wanaouliza: kuna ubaya gani mtu akifungua akaunti tatu au nne, akachukua zawadi zote, kisha akaendelea na shughuli zake? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu lisilo la matusi. Anayepokea kilichotangazwa hadharani hakuiba. Sheria haimkatazi, nasi hatumlaumu. Lakini wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Yafaa basi tutazame nani anakula cha nani.

Katika Marekani mchezo huu umekomaa. Huko benki humlipa mteja mpya mamia ya dola, kwa sharti kwamba mshahara wake upitie hapo, au kiasi fulani kikae bila kuguswa kwa miezi kadhaa. Wapo watu wanaohama kutoka benki hii kwenda ile wakivuna zawadi hizo kama mtu avunaye shamba. Uingereza nako, tangu mwaka 2013 uwekwe utaratibu wa kuhamisha akaunti kwa siku 7 za kazi, mabenki yamekuwa yakiwalipa wanaohama pauni 100 na zaidi. Wavunaji hao ni watu wenye mshahara wa kila mwezi, wenye akiba ya kulaza, na wenye nafasi ya kusoma masharti mpaka mstari wa mwisho. Na hata hivyo, katika Marekani zawadi hiyo hutozwa kodi, na liko shirika la ChexSystems linalotunza kumbukumbu za akaunti, ambazo kwazo benki yaweza kumkataa mtu.

Mkulima wa Litembo hana mshahara wa mwezi. Fedha zake huja kwa msimu, naye huzitoa upesi kwa ada ya shule, mbolea na deni la dukani. Mvuvi wa Lituhi huuza usipa wake leo na kununua nyavu kesho. Akaunti nne kwa watu kama hawa ni milango minne ya makato. Mahali pengi hukatwa ada ya uendeshaji, ada ya kutoa fedha, ada ya kadi. Na akaunti iliyosahauliwa huliwa kidogo kidogo hadi ibaki sifuri. Ongeza nauli ya kulifuata tawi la benki, na ile fulana imekwisha kulipiwa mara mbili.

Tena lazima tuseme juu ya yule aliyeketi chini ya mwavuli. Wengi wao ni vijana wetu wanaolipwa kwa hesabu ya watu waliowaandikisha. Mtu akipimwa kwa idadi peke yake, ataleta idadi. Dunia ililiona jambo hili mwaka 2016, benki ya Wells Fargo ya Marekani ilipotozwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu watumishi wake, waliobanwa na wakubwa wao wamuuzie kila mteja huduma 8, walifungua akaunti zipatazo milioni 2 ambazo huenda wenyewe hawakuziidhinisha. Watumishi wapatao 5,300 walifukuzwa kazi. Mwaka 2020 benki hiyo ikakubali kulipa dola bilioni 3 nyingine.

Nasi hatuko mbali na hatari hiyo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wako wananchi waliokuja kugundua kwamba majina yao yanabeba laini wasizozijua. Ndiyo maana watu hushauriwa kupiga *106# na kujihakikishia. Kidole ni sahihi ya mtu, na namba ya kitambulisho cha taifa ni ufunguo wa nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hakuna sheria itakayokizuia kidole ambacho mwenyewe amekitoa kwa hiari mara tatu akidhani anakitoa mara moja.

Watu wa Mbinga hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza kwamba benki nayo yaweza kuanguka. Mwezi Mei 2017 Benki Kuu iliifungia Benki ya Wananchi Mbinga kwa upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa ufilisi. Wakati ule kinga ya mwenye amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alipaswa kungoja mali za benki ziuzwe. Kikomo hicho sasa ni shilingi 7,500,000, nacho huhesabiwa kwa kila benki. Hivyo mwenye fedha nyingi ana sababu njema ya kuzigawa katika mabenki mawili. Sababu hiyo twaikubali. Fulana si sababu.

Wamatengo waliushinda mteremko kwa ngoro. Walilaza nyasi, wakafukia udongo juu yake, shimo likazuia maji, na kilima kikalisha wajukuu. Hakuna aliyechimba ngoro moja katika kila kilima kwa kuwa ameahidiwa kibuyu cha pombe. Akiba nayo hutaka mahali pamoja na miaka mingi.

Kwa hiyo twawaambia wakulima: kabla ya kutoa kidole, ulizeni makato ya mwaka ni kiasi gani, akaunti ikilala itakuwaje, na namna ya kuifunga. Twaviambia vyama vya msingi: msimwache kila mwanachama apambane na mwavuli peke yake. Chama chenye mamia ya wanachama kina nguvu ya kuyaita mabenki mezani na kudai ada ndogo, malipo ya haraka na mkopo wa pembejeo. Na kwa mabenki twasema hivi: zile fedha za pikipiki zipunguzeni katika makato. Mtu atakayepata haki dirishani mwaka baada ya mwaka hatahitaji kuvutwa kwa zawadi mlangoni.