Ndugu zangu wa Kagera, tuzikane bila kuulizana kanisa

Mwili wa mama mkubwa ulikaa uani saa nne zaidi ya ilivyopangwa. Alibatizwa Mlutheri, akaolewa kwa Wakatoliki, na alipofikia kutoinuka kitandani, waliokuja kumwombea kila Jumatano walikuwa Wapentekoste wa bondeni. Siku ya kumzika, viongozi wakaanza kuulizana: huyu ni wa nani? Mmoja akasema jina lake halimo tena kitabuni. Mwingine akasema zaka yake ilikoma zamani. Sisi watoto wake tulikaa chini ya turubai, macho chini.

Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wakimenya ndizi. Mama mwenye kitenge cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliketi bega kwa bega na mke wa mwinjilisti, vidole vyao vyeusi kwa utomvu, wakipokezana kisu kimoja chenye makali. Aliyefunika sufuria kwa majani ya mgomba Mlutheri, aliyechochea moto Mwanglikana. Walikuwa pale tangu alfajiri, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi.

Tulimzika jua likizama. Mzee mmoja asiye na cheo chochote alichoka kusubiri, akaanzisha wimbo wa Tukutendereza, na uwanja mzima ukaitikia.

Nawaandikia kwa sababu ya saa zile nne.

Siombi makanisa yetu yayeyushwe yawe kanisa moja. Nikienda misa napata ukimya mbele ya altare ambao sijauona kwingine. Kwa Walutheri nasikia kwaya ya sauti nne inayonifanya nikae wima. Kwa Wapentekoste mjane anasimama na kusema yaliyompata wiki hii, na kusanyiko zima linamsikiliza. Msabato jirani yangu amenifundisha kwamba kazi ina siku ya kukoma. Ukichukua kimoja katika hivyo ukakifuta, aliyepungukiwa ni mimi.

Na sisi wa Kagera tungepaswa kulijua hili kuliko wengi. Mkoa huu mmoja ulimtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960, ukamtoa na Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977. Wimbo ule ulioanzishwa na yule mzee hata haukuanzia kwa Walutheri wanaouimba sana huku. Ni wimbo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka miaka ya 1930 miongoni mwa Waanglikana wa Gahini, Rwanda, na Uganda, ukavuka hadi kwetu Buhaya bila kuulizwa cheti cha ubatizo.

Lakini tunajua pia upande mwingine. Kila mwaka mabasi yanatoka Bukoba kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi ya tarehe 3 Juni. Siku hiyo mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja. Mashahidi wanaokumbukwa wa miaka ile ni 45: Wakatoliki 22, Waanglikana 23. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja kwa heshima na wale wengine. Haikupita hata miaka sita tangu moto ule, Januari 1892, Wakristo wa makundi hayohayo mawili wakapigana kwa bunduki pale Mengo, wakigombea nani atawale Buganda. Kila ninapolifikiria hilo moyo wangu unauma. Waliokufa pamoja walielewana kuliko waliobaki hai.

Sasa basi. Vyama vyetu vya kuzikana tayari vinafanya nusu ya kazi. Daftari la chama lina jina, mchango, na zamu ya kuchimba kaburi. Halina safu ya dhehebu. Ninaomba kila chama, kila kijiji na mtaa, kiwaite mapadri, wachungaji, makatekista na wainjilisti wa eneo lake wakae mara moja, msiba ukiwa haupo, waandike makubaliano: Mkristo atazikwa siku iliyopangwa, familia ndiyo itakayosema nani aongoze ibada, kanisa lisiloongoza litaleta kwaya yake au litasoma somo. Kama kuna kanisa ambalo taratibu zake haziruhusu kiongozi wake kuongoza, liseme hapo mezani, si mbele ya jeneza.

Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo ni tarehe 18 hadi 25 Januari. Kikao kifanyike ndani ya siku hizo nane, na vijana wa kila kanisa wasali siku moja kwa jirani, waone wanavyosali. Wanaohubiri kwa spika sokoni nao ninawasihi: mhubirini Kristo, mwacheni Mkatoliki na rozari yake.

Barua yangu nimeshampa katibu wa chama chetu. Akina mama waliomenya ndizi siku ile wametia saini, wote kumi na mmoja.