HAKI YA MTUMISHI WA HOSPITALI SI HISANI

Mwananchi akiugua usiku wa manane hapigi hodi kwa tajiri wala kwa hakimu. Hubebwa akapelekwa hospitali. Huko humkuta mlinzi akifungua lango, mwuguzi akiwa macho, na tabibu aliye tayari kuamshwa. Kulipopambazuka humwona mfagiaji akipiga deki, dobi akikusanya mashuka yenye damu, na mpishi akimletea uji. Mgonjwa hawaulizi watu hao kama mwezi uliopita michango yao ya pensheni ilipelekwa, wala kama likizo yao ya mwaka wameipata. Mgonjwa ana shida zake. Leo sisi tunaliuliza swali hilo kwa niaba yao, maana jibu lake lamhusu mgonjwa pia.

Tunazungumza hasa juu ya hospitali za jamii, yaani zile zilizojengwa na mashirika ya dini na nguvu za wananchi, ambazo kwa miaka mingi zimetibu watu wa vijijini mahali ambapo serikali haikuwa na hospitali yake. Tangu miaka ya 1970 baadhi yake zilifanywa hospitali teule za wilaya, zikapewa ruzuku na watumishi wa serikali. Huo ulikuwa mpango wa busara, na taifa zima linazishukuru hospitali hizo. Lakini shukrani haitufungi midomo.

Katika hospitali ya namna hiyo waweza kuwakuta wauguzi wawili katika wodi moja, wenye cheti kimoja na zamu moja. Mmoja ameajiriwa na serikali, na akiba yake ya uzeeni iko katika mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, ambamo mwajiri hutoa asilimia 15 ya mshahara na yeye hutoa asilimia 5. Wa pili ameajiriwa na hospitali yenyewe, na mfuko wake ni NSSF, ambamo mchango ni asilimia 20 vile vile, lakini sehemu inayokatwa katika mshahara wake yaweza kufika asilimia 10. Kisha yuko wa tatu, anayeitwa “wa kujitolea”, naye hana mkataba wala mfuko. Wote watatu huvaa sare moja, na mgonjwa huwaita wote “sista”.

Hatudai kwamba tofauti hizi zifutwe kwa siku moja. Tunalodai ni jambo dogo zaidi na la haraka zaidi: kila mmoja apewe kwa ukamilifu na kwa wakati kile ambacho sheria ya nchi imekwisha kumpa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Iko sababu kubwa inayowafanya watumishi wa hospitali wastahili uangalifu kuliko wafanyakazi wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeitaja kazi ya afya, pamoja na maabara zake, kuwa huduma ya lazima. Maana yake ni kwamba mtumishi wa hospitali haruhusiwi kugoma kama agomavyo mfanyakazi wa kiwanda, isipokuwa pale penye mapatano maalumu ya kuhakikisha kwamba wagonjwa hawaachwi. Ugomvi wake na mwajiri hupelekwa kwenye usuluhishi na uamuzi. Sisi tunaiunga mkono kanuni hiyo. Nchi iliona mwaka 2012, madaktari walipogoma, kwamba aumiaye kwanza ni maskini asiye na nauli ya kwenda kwingine.

Lakini haki ina pande mbili. Ukimnyang'anya mtu fimbo yake kwa faida ya wote, huna budi kumpa ngao. Mwajiri anayejua kwamba mwuguzi wake hawezi kuweka chini bomba la sindano na kutoka nje, halafu akautumia upole huo kumcheleweshea malipo yake, anamnyonya mtu aliyefungwa mikono na sheria.

Na ngao hiyo haikuokotwa njiani. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, wakati wa mkoloni, kwa sababu mshahara wao haukutosha kula. Baada ya Uhuru ilipitishwa sheria ya kiinua mgongo ya 1962, kisha sheria ya 1964 ya kulinda ajira iliyounda kamati za wafanyakazi, na mwaka huo huo ukaanzishwa mfuko wa akiba, ambao kwa sheria ya 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Mwaka 1970 ulitoka waraka wa Rais wa kuunda mabaraza ya wafanyakazi. Kila kipande cha sheria tuliyo nayo leo kiliwahi kuwa malalamiko ya mtu fulani aliyeambiwa kwamba hakuna fedha.

Sasa tuingie wodini, tuone sheria inasemaje.

Kwanza ni saa za kazi. Sheria inaruhusu saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Haikatai zamu ya saa 12, ila inataka yawepo mapatano ya maandishi, na jumla ya juma isipite siku 5 wala saa hizo 45 pasipo malipo ya ziada. Tumchukue mwuguzi anayepangiwa zamu sita za usiku za saa 12 kwa sababu wenzake hawatoshi. Hata tukitoa saa moja ya chakula kila usiku, amefanya saa 66, yaani 21 zaidi ya kipimo. Akiendelea hivyo majuma manne, ziada yake ni saa 84, hali sheria inakomea saa 50. Kila saa ya ziada yapasa kulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na kila saa iliyofanywa kati ya saa 2 za usiku na saa 12 za asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mahali pengi daftari la zamu linajua habari hizi, lakini karatasi ya mshahara haizijui. Wala jambo hili haliishii kwenye fedha. Mkono uliochoka ndio unaopima dawa ya mtoto.

Pili ni uzazi. Mkunga anayewapokea watoto wa wenzake naye ni mama. Sheria inampa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Miezi miwili kabla ya siku yake ya kutarajiwa asilazimishwe zamu ya usiku. Akirudi kazini, anayo haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemfikiria pia mama aliyejifungua mtoto njiti. Ni aibu, basi, hospitali yenye bango ukutani linalowahimiza akina mama kunyonyesha ikamnung'unikia mtumishi wake anapoomba ruhusa ya kwenda kunyonyesha.

Tatu ni hatari za kazi. Sindano iliyotumika huweza kumchoma mwuguzi, na huweza pia kumchoma mfagiaji aliyeikuta ndani ya mfuko wa taka. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI yapasa zianze kunywewa ndani ya saa 72, nazo hunywewa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, nayo humkinga mtu kabla ya ajali. Kila mtumishi anayegusa damu, nguo za wagonjwa au taka apewe chanjo hiyo, glavu na viatu vya kufaa. Nani kasema kwamba ngozi ya mchoma taka ni ngumu kuliko ya daktari? Tena, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka mfuko maalumu, WCF, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Si halali kumkata mtumishi hata senti moja kwa ajili ya mfuko huo. Naye mtumishi akiumia asinyamaze kwa kuogopa kuitwa mzembe. Atoe taarifa mara moja, iandikwe, na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita.

Nne ni akiba ya uzeeni, na hapa tutasema wazi zaidi. Ili mtu alipwe pensheni kamili ya uzee na NSSF yampasa awe amechangiwa miezi 180, yaani miaka 15. Mwajiri akikata fedha katika mshahara asizipeleke, mtumishi haoni kitu siku ile. Anaona akifika miaka 60, anaposimama dirishani na kuambiwa kwamba miezi yake haitoshi. Wakati huo mganga mfawidhi amekwisha hama, mhasibu amestaafu, na bodi ya hospitali ni watu wengine. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mtu huyu amechumia juani miaka mingi na kivuli chenyewe kimekatwa.

Tunajua majibu ya wenye kuendesha hospitali. Wanasema ruzuku imechelewa, fedha za bima hazijalipwa, na wagonjwa wengi hawana kitu, nao hawawezi kufukuzwa mlangoni. Majibu haya mara nyingi ni ya kweli, na tunaiomba serikali pamoja na mifuko ya bima ilipe madeni yake kwa wakati, kwani deni linalocheleweshwa juu humwangukia mfagiaji chini. Lakini fedha iliyokwisha katwa katika mshahara wa mtumishi haikuwa mali ya hospitali hata siku moja. Haiwezi kununulia mafuta ya jenereta wala kutengenezea paa. Kuitumia ni kula amana ya mtu. Na kama kweli upungufu upo, basi vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi, wote wauone upungufu huo kwa macho yao. Watu wakijua ukweli huvumilia mengi. Wakifichwa huvumilia machache.

Juu ya hao wanaoitwa wa kujitolea, neno letu ni fupi. Kujitolea ni jambo tukufu, nalo lina mwanzo na mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kijana anayepangiwa zamu, anayesaini daftari na kukaripiwa akichelewa, kwa miaka miwili mfululizo, amekwisha kuwa mfanyakazi. Apewe mkataba.

Baada ya kusema hayo kwa waajiri, hatutakuwa waaminifu tukiwaacha wafanyakazi bila neno. Wako watumishi wanaomjibu mgonjwa kwa ukali, wanaofika zamu imekwisha kuanza, na wanaoficha dawa ili ziuzwe nje. Watu hawa ndio adui wa kwanza wa haki za wenzao, kwa kuwa mwananchi aliyetukanwa wodini hatasimama upande wa mwuguzi siku anapodai malipo yake. Haki na kazi ni ndugu wa tumbo moja. Anayedai ya kwanza aitimize ya pili, ili dai lake lisikike.

Je, lifanyike nini? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja bunge jipya. La kwanza: kila hospitali ibandike mahali pa wazi tangazo la haki za wafanyakazi, kwa Kiswahili, kama sheria yenyewe inavyoagiza. La pili: kila mtumishi apewe mkataba wa maandishi na karatasi ya mshahara inayoonyesha makato yote, naye aende mwenyewe kwenye mfuko wake, angalau mara moja kwa mwaka, kuhakikisha kwamba michango imefika. La tatu: tawi la chama cha wafanyakazi liwe hai, lifanye mkataba wa hali bora na mwajiri, na kikao chake kisiwe cha kugawana vitenge vya Mei Mosi tu. La nne: maofisa kazi na wakaguzi wa mifuko wasiishie mijini. Hospitali ya mlimani nayo iko nchini.

Wazee wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Sheria ni ahadi ya taifa zima, na mtumishi wa hospitali ametimiza upande wake kila usiku tulipolala. Mwezi huu, kabla ya mishahara kutoka, kila mganga mfawidhi na kila mhasibu wa hospitali afungue kabati, atoe orodha ya watumishi wake, na ajiulize mbele ya kila jina: huyu tunamdaiwa nini? Kisha aanze kulipa.