Bahari Yetu Tuisome Wenyewe

Sisi watu wa visiwani twajidai kuijua bahari. Twajua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Hata hivyo, katika mililita moja tu ya maji ya pwani huweza kuwamo virusi wapatao milioni kumi, na wengi wao hawajapata hata jina.

Jambo hili lilidhihirika huko San Diego, Marekani. Mwaka 2002 Mya Breitbart, Forest Rohwer na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa maji ya pwani ya mji huo. Waliteka lita 200, wakayachuja maji hayo ili kuwatenga virusi na viumbe wakubwa zaidi, kisha wakavisoma vinasaba vyao kipande kwa kipande. Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji kuwakuza virusi maabarani, kwani wengi hawakubali kukuzwa. Vipande vilipolinganishwa na vile vilivyokwisha kusajiliwa duniani, zaidi ya asilimia 65 havikufanana na chochote.

Isidhaniwe kwamba virusi hao wote ni maradhi. Wengi hushambulia bakteria, wala si watu. Inakadiriwa kwamba kila siku huua kiasi cha asilimia 20 ya viumbe wadogo wa baharini, na mabaki yake hurudi majini yakawa chakula cha wengine. Lakini wamo pia wenye hatari. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba jeni ya sumu ya kipindupindu huingizwa ndani ya bakteria na virusi, na bakteria huyo huweza kuishi katika maji ya pwani.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Zanzibar imepatwa na kipindupindu mara nyingi tangu 1978, na Serikali ilijiwekea mpango wa kukitokomeza kati ya 2018 na 2027. Yuko atakayesema kwamba fedha ni bora zijenge mifereji na vyoo. Ni kweli, kusoma vinasaba si badala ya maji safi. Lakini mlinzi asiyemjua adui hulinda mlango usiofaa.

Kwa hiyo, maji ya Unguja na Pemba hayana budi kupimwa kwa utaratibu, masika na kiangazi, hasa pale maji machafu yanapoingia baharini. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Unguja tangu 1978. Vijana wetu wafundishwe kazi hii, na matokeo yawafikie mabwana afya na wavuvi, yasiishie makabatini.

Wageni wenye elimu tuwakaribishe, ila kwa mkataba. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inatambua haki ya kila nchi juu ya vinasaba vya viumbe wake. Si haki maji yawe yetu, maarifa yawe yao, nasi tubaki na chupa tupu. Uchumi wa buluu hauanzi na meli; huanza na kuyajua maji yenyewe.