Githurai 45: Ushuru Tunatoa, Mwenyewe Hatumwoni

Githurai 44 iko Kaunti ya Nairobi, Githurai 45 iko Kaunti ya Kiambu, na sote tunashukia pale pale raundi. Namba zenyewe zilitokana na njia za mabasi, wala hazikuandikwa na serikali. Mtu akifika jioni kutoka mjini hana haja ya kujua amekanyaga kaunti gani. Ananunua nyanya na sukuma huku, anavuka, analala kule. Mpaka huu tungeusahau kabisa kama si shida. Siku bomba la majitaka linapopasuka ndipo tunapokumbushwa kwamba upo.

Tazama mvua inavyotutenda. Maji yanashuka kutoka barabara kuu ya Thika, ambayo ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Yanapita ardhi ya Shirika la Reli. Yanaingia kwenye mitaro ya mtaani, ambayo kwa Jedwali la Nne la Katiba ni kazi ya kaunti, kisha yanaingia kwa mama mboga na kubeba vitunguu vyake. Maji hayakuuliza ardhi ni ya nani. Sisi tukienda kuuliza, tunaambiwa mtaro unaanzia kwa wenzao, kwa hiyo twende kwa wenzao. Wenzao wanasema mtaro unaishia kule tulikotoka. Wapo miongoni mwetu waliozunguka ofisi tatu kwa ajili ya kifuniko kimoja cha shimo la majitaka, na shimo likabaki wazi hadi vijana wa bodaboda wakalifunika kwa mbao na tairi.

Taka nazo zina kisa chake. Za Nairobi huishia Dandora, za Kiambu hupelekwa Kang'oki, huko Thika. Lundo likikaa karibu na mpaka, kila upande una sababu ya kuliona ni la jirani. Kwa hiyo tunalipa vijana wa mtaa kila mwezi, plot kwa plot, waje wachukue magunia. Wanakuja, na tunawashukuru, kwa sababu bila wao tungezikwa na maganda ya ndizi. Lakini kijana mwenye mkokoteni hawezi kuusukuma mpaka Thika. Anamwaga pale anapoweza kufika, na pale ndipo watoto wetu wanapita kwenda shule. Tumelipa mara mbili, kwa serikali na kwa kijana, na taka bado tunaishi nazo.

Katika kutoza, hakuna anayetupotezea njia. Kibali cha biashara kila mwaka, ada ya soko kila siku, ada ya stejini kwa matatu ambayo mwishowe inarudi kwenye nauli yetu. Anayeuza parachichi kwa beseni anajulikana kwa sura na askari wa kaunti. Akiwa upande huu anadaiwa, akihamia ng'ambo akafuate wateja anadaiwa tena, na akirudi kando ya reli anakaa huku sikio likisubiri notisi ya kuondoka. Hatukatai kutoa. Tunachotaka ni kuona choo cha soko chenye maji, taa inayowaka na njia isiyo na tope, vitu ambavyo ada ya soko inatozwa kwa ajili yake.

Kuna watakaosema watu wa Githurai walijengewa barabara kuu, wanataka nini zaidi? Ni kweli, Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, kwa zaidi ya Sh30 bilioni. Tuliifurahia na bado tunaitumia kila siku. Aliyeishi hapa kabla yake anakumbuka kukaa ndani ya matatu mpaka usingizi ukamwisha. Lakini hakuna anayeishi kwenye barabara kuu. Ukishuka una safari ya pili, kwa miguu, kuelekea Mwihoko, Kimbo au Mwiki, na hiyo ndiyo inayotumaliza. Wakati wa masika mwajiriwa wa benki anatoka nyumbani na gambuti, viatu vya kazi kwenye mfuko, na bodaboda anapandisha bei kwa sababu yeye pia anajua tope limemshika nani.

Na barabara hizo za ndani zilitengewa fedha. Februari 2025 mahakama ya kesi za ufisadi ilimtia hatiani aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, ikamtoza faini ya Sh53.5 milioni au kifungo cha miaka 12, katika kesi iliyohusu zabuni ya Sh588 milioni. Yeye alikata rufaa, na hiyo ni haki yake. Kinachotuuma sisi ni zabuni yenyewe ilihusu nini. Ilikuwa ya kutia lami barabara za vumbi za Thika, Limuru, Gatundu Kaskazini, Juja na Ruiru. Ruiru ndiyo sisi. Redio ilipotangaza hukumu, watu walijadiliana kwenye vibanda vya chai kuhusu miaka na mamilioni, kisha wakanyanyuka wakarudi nyumbani kupitia vumbi lile lile. Hukumu haijatuletea lami, na hatujasikia ni nani aliyepewa jukumu la kuirudisha kazi ile mahali ilipokwama.

Idadi yetu nayo haimsumbui anayegawa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru, ambamo Githurai 45 imo. Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,258. Ruiru ina mbunge mmoja, Lamu Mashariki ina mbunge mmoja. Hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Kiunga na Faza. Wana visiwa vya kuvuka, wana miaka ya kusahauliwa, na haki yao wasipunguziwe hata shilingi. Lakini mbunge wa watu walio zaidi ya mara kumi na sita ya hao anakuwa mtu wa kumwona kwenye bango tu. Ukitafuta basari ya mtoto unakuta foleni isiyokuwa na mwisho. Katiba inataka mipaka ya majimbo ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Ya mwisho ilipitiwa 2012. Muda ulifika Machi 2024 na ukapita, kwa sababu IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Miaka miwili na nusu nchi nzima ilikaa bila watu wa kufanya hesabu hiyo, huku plot za ghorofa saba zikiota hapa kila mwezi, zikijaa wapangaji kabla rangi haijakauka.

Wapangaji hao wanataka maji. Nairobi inakunywa maji ya Ndakaini, kule Murang'a. Mwaka 2022 bwawa la Karimenu II, Gatundu Kaskazini, lilizinduliwa, na tuliambiwa litahudumia Ruiru, Juja na sehemu za Nairobi. Hapo tulishangilia kuwa kwenye mpaka, tukadhani tutapata kutoka pande zote mbili. Leo keateka wa plot anatangaza siku ya maji kama anayetangaza mazishi, mama anaamka saa tisa usiku kujaza mitungi, na asiyebahatika ananunua kwa mwenye mkokoteni kwa bei inayopanda kadiri jua linavyokaza. Tunasema haya bila kumtaja mtu. Tunachoomba ni ratiba ya mgao inayofuatwa, ibandikwe mahali, ili mtu apange maisha yake.

Hospitali nazo tusizipite haraka mno. Mei 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma, na mgomo ukadumu siku 150. Kwa mara nyingine mpaka ukawa kitu cha kushikika. Mama mjamzito wa Githurai 45 alilazimika kuvuka kwenda Nairobi kutafuta daktari wa umma, au kukopa aende zahanati ya kibinafsi. Madaktari walikuwa na madai yao na wanastahili mishahara yao. Ila katika miezi mitano hiyo tulitarajia kaunti mbili zinazopakana ziketi, zikubaliane wagonjwa wa mpakani wapokelewe vipi na gharama iende wapi. Hatukusikia kikao cha namna hiyo.

Na kwa shida zote hizi tunaambiwa tushiriki katika kupanga bajeti. Katiba ya 2010 imeuweka ushirikishaji wa umma kila mahali, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeupa kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti ufike bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Ni sheria nzuri. Sasa angalia inavyotufikia. Mkutano unaitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi Githurai iko mjini kazini, iko Viwandani, iko kwenye mjengo wa Kilimani, iko Marikiti tangu alfajiri. Wanaobaki ni wagonjwa, wazee na wale walioletwa na mwanasiasa. Kitabu cha bajeti ni kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, na nakala ni mbili tatu kwa ukumbi mzima. Mtu anasimama, anasema mulika mwizi ya njia ya shule imezimika tangu mwaka juzi, karani anaandika. Bajeti inatoka, na ile taa haimo. Hakuna anayerudi kutuambia ilikataliwa kwa nini.

Jambo hili limefika hadi mahakama za juu. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikilaumu namna umma ulivyoshirikishwa. Oktoba 29 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo na sheria ikabaki. Sisi si mawakili. Tunajua tu kwamba mtu akikuita useme, ukasema, kisha akanyamaza, mara ya tatu akikuita utabaki dukani kwako.

Na watu wakibaki dukani, siasa inahamia barabarani. Juni 2024 vijana wetu waliusoma Mswada wa Fedha kwenye simu, kifungu kwa kifungu, wakaeleweshana kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Sheng. Kodi ya mkate aliielewa hata mtoto wa darasa la nne. Ule ulikuwa ushirikishaji wa umma wa kweli kuliko wowote tuliowahi kuuona hapa, na haukuandaliwa na ofisi yoyote. Usiku wa Juni 25 risasi zililia Githurai. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu usiku ule, na hatutaitaja tusiyoijua. Tunachojua ni kwamba watu walilala chini ya vitanda na watoto wao, na kwamba usiku ule serikali ilifika mtaani kwetu bila kuuliza njia. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Uamuzi huo ungewezekana kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa, na hilo tutaendelea kulisema.

Wengine hutuambia tungoje mipaka irekebishwe, Githurai yote iingie kaunti moja. Hilo halihitajiki, na linaweza kuchukua kizazi. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Tayari mwaka 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na kaunti zinazoizunguka, Kiambu ikiwemo, baada ya viongozi kutambua kwamba matatu haisimami mpakani. Taka hazisimami, majitaka hayasimami, wagonjwa hawasimami. Hata Mwiki ziko mbili, wadi moja Ruiru na nyingine Kasarani, jina moja na majirani wale wale, na wawakilishi wawili wa mabunge mawili ambao wangeweza kukutana kwa kuvuka barabara.

Agosti 2027 wagombea watakuja. Wengine wameshaanza, misafara ya magari inasimama raundi, spika zinafunguliwa, mtu anatoka juu ya paa la gari. Tutawasikiliza. Lakini safari hii tunataka anayeomba kiti chochote, wa Kiambu na wa Nairobi, atuambie kwa maandishi lori la taka la upande wake litafika wapi na siku gani, mtaro wa sokoni ni wa nani, na kamati ya pamoja ya Githurai ataidai ndani ya miezi mingapi. Wagombea hao wasimame jukwaa moja, wa huku na wa kule, ili asiwepo wa kutuelekeza ng'ambo.

Na mkutano wa bajeti ujao ufanywe hapa Githurai, Jumapili saa tisa alasiri baada ya ibada, na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili ubandikwe sokoni wiki mbili kabla. Tuliyoyasema mwaka uliotangulia yaandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja jibu lake.