Usifungie programu yako kwa M-Pesa peke yake

Wasee wa kompyuta, tuongee ukweli. Julai 27, 2023, Eliud Owalo, wakati huo Waziri wa ICT, alithibitisha kwamba eCitizen imeshambuliwa na wadukuzi. Waliokuwa wakitafuta pasipoti au viza walikwama. Wengi walijadili usalama tu. Lakini sisi tunaojenga mifumo ya maduka na hosteli huku Kakamega tuna somo letu: mlango ukiwa mmoja na ufungwe, wote mko nje.

Programu nyingi za kuuza bidhaa zinazoandikwa na vijana wa Lurambi, pale karibu na MMUST, zina ugonjwa mmoja. M-Pesa imeshonewa ndani kabisa ya sehemu inayouza. Inaeleweka, maana tangu 2007 ndiyo kila mtu anatumia. Lakini mwenye duka akitaka kuongeza Airtel Money au kadi ya benki, unabomoa nyumba ili ubadilishe kitasa.

Sufuria ya ugali haiulizi kama moto ni wa kuni, makaa au gesi. Sehemu inayouza nayo isijiundie njia ya malipo. Ipewe kutoka nje, mradi kila njia ijue kazi zilezile: kulipisha, kuthibitisha, kurudisha pesa. Hii ndiyo dipendensi injeksheni, ambayo Martin Fowler aliieleza mwaka 2004. Raha yake ni kwamba ukitaka kujaribu mfumo, unaupa malipo ya kuigiza na hutumii hata shilingi.

Na faktori je? Kitabu cha Design Patterns kiliieleza tangu 1994. Itumie pale ambapo mteja anachagua akiwa kaunta: huyu M-Pesa, yule kadi. Faktori inaangalia chaguo lake kisha inaunda njia inayofaa. Lakini kama njia ni moja, na inajulikana mfumo ukiwashwa asubuhi, faktori ni mzigo wa bure.

Kwa hivyo usiulize mtindo gani unasifiwa. Uliza: nani anachagua, na lini? Ikijulikana mapema, upe mfumo njia hiyo moja kwa moja. Ikichaguliwa papo hapo, weka faktori.

Mwenye duka hatakusifu kwa programu iliyoandikwa maridadi. Atakupigia kukushukuru siku ile M-Pesa imelala na yeye bado anauza.