Tumfanyeje Jeke?

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Chitete. Kwa wasiopafahamu, Chitete ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Ukifika Tunduma unayaacha malori yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, unatafuta usafiri mwingine, na vumbi linakukaribisha. Nilikwenda kumsalimia babu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye hadi leo anasahihisha Kiswahili changu kila gazeti letu linapomfikia.

Safari hii nilimbebea sukari, majani ya chai na flashi yenye filamu mbili: Hatari! ya mwaka 1962 na The Searchers ya mwaka 1956. Zote mbili stelingi ni John Wayne. Nilikuwa na swali linalonisumbua tangu nikiwa chuoni, nikaona wa kunijibu ni yeye.

Swali lenyewe mnalijua. Msanii akiwa mtu mbaya, kazi yake tuifanyeje? Tuitupe? Au tuseme kazi ni kazi na mtu ni mtu, tuendelee kula popcorn zetu? Kwenye chumba chetu cha habari ubishi huu hauishi. Kila inapoingia habari ya msanii anayetuhumiwa kumpiga mwenzake, nusu yetu wanataka nyimbo zake zifutwe redioni, nusu wanasema mnachanganya mambo. Mimi nilikuwa naegemea upande wowote ule uliozungumza mwisho.

Kwa nini babu? Kwa sababu babu yangu amelelewa na makauboi. Baba yake, kama wanaume wengi wa huku mpakani, alivuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, enzi hizo Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Babu akakulia Luanshya, kwenye makazi ya wachimbaji. Miaka ya 1950 huko sinema zilionyeshwa uwanjani usiku, na wenyewe waliziita bayoskopu. Zilizopendwa kuliko zote ni za kikauboi. Na stelingi, awe nani, watazamaji walimwita Jeke. Jina lake la kwenye bango halikuwahusu. Akipanda farasi tu, uwanja mzima unalipuka: "Jeke! Jeke!"

Serikali ya kikoloni ilizikagua filamu hizo kabla Waafrika hawajaonyeshwa, na vipande ilivyoviona vya hatari ilivikata. Kwa hiyo hadithi ilikuwa inaruka. Babu anasimulia kwamba ngumi inaanza, mara unaona adui keshazikwa. Waliyonyimwa walijijazia wenyewe kwa kelele, na kesho yake watoto wakachonga bastola za mbao na kuicheza picha upya, sasa ikiwa na vipande vyake vyote.

Sasa tuje kwa huyu John Wayne. Mwaka 1971 jarida la Playboy la Marekani lilichapisha mahojiano naye. Humo alisema anaamini watu weupe wawe juu mpaka weusi watakapoelimishwa kufikia kiwango cha kuweza kubeba dhamana. Kuhusu wenyeji wa asili wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu, alisema haoni kosa kunyang'anywa nchi yao, maana ardhi ilihitajika na wao walikuwa wachoyo kutaka kubaki nayo. Mahojiano hayo yalisambaa upya mitandaoni Februari 2019. Niliyasoma hosteli, usiku, nikarudia mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya.

Kilichoniuma ni ule mwaka. Mwaka 1971 babu alikuwa na miaka 27. Asubuhi alifundisha watoto, jioni alifundisha wazazi wao kusoma na kuandika, maana Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na kazi ilikuwa inaendelea. Yaani mtu ambaye babu alimshangilia utotoni alikuwa amekaa Marekani, anasema watu kama babu wasubiri kwanza. Nani alimteua kusahihisha mtihani huo?

Basi, jioni ya kwanza tukawasha kompyuta mpakato, tukaanza na Hatari! Nadhani Watanzania wengi wa rika langu hawajaiona, ingawa jina lake ni neno letu na ilipigwa hapa hapa, kaskazini, Tanganyika ikiwa bado haijapata Uhuru. Howard Hawks, aliyeiongoza, alikuwa ametengeneza filamu za kikauboi na John Wayne huyo huyo, na hii ni ya kikauboi pia, tofauti ni kwamba farasi wamekuwa magari na ng'ombe wamekuwa vifaru na twiga. Watu wanakimbiza wanyama wakiwa na kamba na miti mirefu, wawakamate wakauzwe kwenye bustani za wanyama. Waigizaji wenyewe wapo kwenye magari, na kifaru ni kifaru kweli. Nakiri moyo ulikuwa unanidunda.

Lakini nenda kawatafute Waafrika humo. Wapo. Wanabeba, wanaendesha, wanacheza ngoma na kumpa dada wa Kizungu jina la Mama Tembo. Hakuna hata mmoja mwenye nafasi kubwa. Babu alicheka sana lafudhi zao za Kiswahili, halafu akasema, "Wenye nchi wamekuwa wapagazi."

Ilipoisha nikamsomea mahojiano kwenye simu, nikitafsiri taratibu. Akaniuliza, kama mwalimu, "Tarehe?"

"Mei 1971, babu."

Akanyamaza kidogo. "Mei 1971 nilikuwa na darasa la nne." Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Weka ile nyingine."

Nilishangaa. "Babu, hujakasirika?"

"Nimekasirika. Lakini mjukuu wangu, umeniletea Jeke halafu unataka nimkabidhi kwa huyu bwana? Huyu bwana mimi simjui. Jeke tulimtengeneza sisi."

Jibu hilo limenizungusha kichwa tangu siku hiyo, na naona lina ukweli mkubwa. Filamu haina mwenyewe mmoja. Ina mwandishi, mwongozaji, mpiga picha, mtu wa muziki, na mwisho kabisa ina watu walioketi uwanjani Luanshya. Kila mmoja ameweka mkono wake. Ukiitupa kwa sababu ya stelingi, unatupa na mikono ya wote hao, pamoja na ya yule mtoto mwenye bastola ya mbao.

Lakini tusikimbilie kumsafisha mtu. The Searchers ndiyo iliyonifunza upande wa pili. John Wayne ni Ethan, mwanajeshi wa zamani anayemsaka kwa miaka binti wa ndugu yake aliyechukuliwa na Wakomanche. Kadiri anavyosaka ndivyo tunavyogundua kwamba hataki kumwokoa. Anataka kumuua, kwa sababu ameishi na watu anaowachukia. John Ford, aliyeiongoza, hakuifunika chuki hiyo. Ameiweka mbele yetu tuione ilivyo mbaya, na mwishoni familia inaingia ndani, Ethan anabaki nje ya mlango. Filamu hiyo ina akili kuliko mahojiano ya stelingi wake.

Hata hivyo ugonjwa umo ndani yake pia. Chifu wa Wakomanche ameigizwa na Henry Brandon, Mzungu mzaliwa wa Ujerumani, huku Wanavajo halisi wakijaza tu nyuma. Hapo babu akaniambia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Luanshya walikuwa wanamshangilia Jeke alipowaangusha wale watu. Waliwacheka wakidondoka farasi. Baadaye, akiwa chuo cha ualimu, alisoma jinsi walivyonyang'anywa ardhi. "Niliona haya," alisema. "Tulikuwa watoto wa watu waliokuwa wanatawaliwa, na tulikuwa tunamshangilia mtawala."

Kwa hiyo mimi sasa sikubaliani na huu usemi wa kutenganisha sanaa na msanii. Haviachani. Ukitazama ukijua, unaona zaidi: unaona Waafrika wa Hatari! walivyosukumwa pembeni, na unaelewa haikuwa bahati mbaya. Ninachokubali kutenganisha ni mambo mengine mawili, kutazama na kutukuza. Kule California kuna uwanja wa ndege uliopewa jina la John Wayne, na mwaka 2020 chama cha Democratic cha kaunti hiyo kilitaka jina liondolewe. Mimi niko nao. Kupewa jina la uwanja wa ndege si haki ya mtu, ni shukrani ya jamii, na jamii ina ruhusa ya kuifikiria upya. Lakini mtu akiniambia nizifute filamu zake, nitakataa. Tukifuta, tutajuaje tulichokuwa tunakishangilia?

Na watu hubadilika. Ndani ya Hatari! yumo Mjerumani Hardy Krüger. Huyu utotoni alisomeshwa katika shule iliyobeba jina la Hitler, na mwaka 1945 akaingizwa kwenye jeshi la SS akiwa kijana wa miaka 16. Ukipima kwa historia ya ujana tu, ana doa kubwa kuliko John Wayne. Lakini maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2022, aliyatumia kuupinga Unazi hadharani. Baada ya filamu alibaki kwa miaka kadhaa Momella, chini ya Mlima Meru, akiendesha hoteli ya kitalii. Watu wawili, filamu moja. Mmoja alikiangalia alichofundishwa akakikataa. Mwingine, akiwa na miaka zaidi ya 60, alikirudia mbele ya mwandishi wa habari.

Najua mtaniuliza kuhusu R. Kelly, ambaye nyimbo zake zimepigwa kwenye mahafali yetu mengi. Hapo nasimama kwingine. Mahakama ya New York ilimtia hatiani mwaka 2021, na mwaka 2022 akahukumiwa miaka 30 jela. Umaarufu wake ndio uliokuwa chambo cha kuwanasia wasichana. Walioumizwa wako hai, wanasikia tunachocheza. John Wayne alifariki mwaka 1979. Kumtazama kwangu hakumwongezei nguvu ya kumuumiza mtu. Msanii anayetumia makofi yetu kama silaha tusimpigie makofi. Hili nalisema hata kwa wasanii wetu wa hapa nyumbani, ambao tukiwaandika tunaweka picha nzuri na kuficha kesi aya ya mwisho. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, na sijivunii.

Asubuhi ya kuondoka babu aliniomba nimwachie flashi. Akaniomba pia nimwandikie yale mahojiano kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ayaweke pamoja nayo ili wajukuu wengine wakija wapate vyote viwili. Nikaandika. Akasoma, akachukua kalamu nyekundu, akanirudishia.

Makosa matatu. Nikaandika upya.

Nanyi wenzangu, yupo Jeke gani mnayemshangilia, na mmemwandikia karatasi yake?