Macho ya Manjano Sio Vidonda vya Tumbo

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu kongosho.

Mjomba wangu alimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi mitano. Kila akienda zahanati anasema tumbo linauma hadi mgongoni, anapewa zile zile. Akakonda, mtaani wakaanza maneno yao. Macho yalipogeuka manjano, mkojo kama chai ya rangi na mwili unamuwasha usiku kucha, wakasema karogwa. Alipofika hospitali ya rufaa na kupigwa kipimo cha CT, saratani ya kongosho ilishafika kwenye ini. Upasuaji, ambao ndio tegemeo la kupona, haukuwezekana tena. (Sisi wa sheria tunajua rufaa ina siku ya mwisho ya kukata. Ya mgonjwa nayo inayo, ila hakuna anayemwambia.)

Simlaumu tabibu wa zahanati. Ana foleni, hana altrasaundi, na ugonjwa huu unajificha hata Ulaya, wengi hugundulika wamechelewa. Lakini manjano, kukonda bila sababu, maumivu yanayopenya mgongoni, au kisukari kinachoibuka ghafla kwa mtu mzima anayepungua uzito, hizo ni ishara za kumpa mgonjwa rufaa wiki hiyo hiyo. Kumfundisha tabibu hilo kunahitaji fedha kiasi gani jamani?

Sasa Katiba. Ibara ya 11 inataja haki ya kusaidiwa na jamii wakati wa maradhi. Tamu kweli. Rudi nyuma Ibara ya 7(2): mambo ya sehemu hiyo hayadaiwi mahakama yoyote. Yaani haki unayo, ila ukinyimwa huna pa kwenda! Wakenya waliiweka haki ya afya kwenye Ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010, ndani ya haki zinazodaiwa mahakamani. Hospitali zao zina matatizo, sikatai, ila raia ana pa kushika. Mtu akikuuliza Katiba Mpya inaliwa, mjibu hivyo.

Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tusiipigie makofi kwa jina lake. Mbunge akija kwenu muulizeni: kitita kinalipia CT? Dawa za saratani? Mofini kwa asiyepona? Mjomba wiki zake za mwisho alipewa panado.